Mashine Iliyopendwa na Kuku

Nilipomwona Hezekiah Mukhwana mara ya kwanza, alikuwa akiipiga teke mashine aliyoiunda mwenyewe. Alipiga mara tatu, kisha akavua kiatu na kusugua kidole. Hiyo ilikuwa Desemba 1964. Nilikuwa nimetoka chuoni karibuni na kuajiriwa katika ofisi ya kilimo mjini Kakamega.

Hezekiah ni mzaliwa wa Khwisero. Alijifunza uhunzi katika karakana ya mzungu mmoja huko Lugari. Mzungu alipouza shamba na kuondoka, Hezekiah alikuja mjini na wazo moja: mashine ya mkono ya kupukuchua mahindi. Familia zilizogawiwa mashamba ya wazungu kama yule zilikuwa zikivuna sana, lakini bado zilipukuchua kwa vidole. Alitengeneza mashine sita na zote zikanunuliwa. Mwaka ukaisha, hakuna aliyekuja kuulizia ya saba.

"Niliuliza watu ishirini kabla sijakata bati," aliniambia. "Wote walisema nzuri."

Tulikwenda Mautuma kwa Sifuna, mteja wake wa kwanza. Sifuna akarudia kwamba mashine ni nzuri mno. Tulipoomba kuiona, mkewe Namalwa alitupeleka ghalani huku akicheka. Ndani ya mdomo wa mashine kuku alikuwa ameatamia.

"Huyu ndiye ameipenda, fundi. Mayai kumi na moja."

Hezekiah hakucheka. "Mama, ina kasoro gani?"

"Leo ndiyo unaniuliza?"

"Nilimuuliza mzee."

"Mzee amepukuchua lini?"

Akatuonyesha uani. Wanawake watano walikuwa wameketi mkekani, miguu wameinyoosha, wakipukuchua na kuongea. Walisaidiana kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule.

"Yako inataka mtu mmoja asimame kama askari," alisema Namalwa. "Tena inapiga kelele. Tutapata wapi habari za watu?"

Njiani, tulipovuka mto, Hezekiah alisimama. "Mwaka mzima," akasema, "nauliza watu wasiokaa mkekani."

Kaka yake, anayeshirikiana naye karakana, alikuwa amempa hadi mwisho wa Januari. Baada ya hapo ni milango na madirisha tu. Hezekiah akaikata mashine miguu, akaipa midomo miwili ili wanawake wawili waitumie wakitazamana, akampa Namalwa aijaribu. Namalwa aliirudisha siku ya pili: mpini unagonga goti. Akarekebisha. Ikarudi tena, safari hii imeng'ata leso ya jirani yake Jescah. Siku hiyo Hezekiah alitupa nyundo hadi barabarani, akaifuata, akaanza upya.

Kesho, Jumamosi ya mwisho ya Januari, mashine inakwenda tena, na zamu ni ya Ayuma, mmoja wa wale wanawake watano. Namalwa ameombwa jambo moja tu: asiisifu. Kazi ikiisha, aiache pale mkekani, aone kama Jescah, mwenye zamu ya Jumatatu, ataomba kuibeba kwenda nayo kwake.

Hezekiah amekwisha kutia baiskeli upepo. Ameniuliza mara nne kama nitaamka mapema.