Wazee wa Baroki na Jicho Langu

Mjukuu wangu ndiye msichana wa kwanza kwetu Mbooni kusoma muziki mpaka mtihani wa sekondari, na mimi niliringa naye hadi majirani wakachoka. Amebeba jina la mama yangu mzazi, kwa hivyo namwita Mama, naye ananiita Susu, nyanya kwa Kikamba. Likizo moja alikuja na kitabu kinene na kaseti ya mwalimu wake. Mimi shule niliiacha darasa la pili, na macho yote mawili yalikuwa yameshikwa na mtoto wa jicho. Basi yeye alisoma kwa sauti, mimi nikichambua ndengu kwa vidole.

Kitabu kilikuwa cha muziki wa Baroki, wa wazungu wa zamani waliovaa nywele za bandia. Akawasha kaseti. "Susu, sikiliza sauti ya chini."

Nikaisikia. Inatembea tu, haipumziki, kama punda wa maji akipanda mlima. Juu yake zile zingine zinafuatana: moja inaanza, ya pili inashika maneno yale yale nyuma yake, kisha ya tatu, kama wanawake kwenye njia ya kisima, wa mbele akipotea konani ndio wa nyuma anaingia. Nyimbo za kanisani kwetu zinapumua mwisho wa mstari. Hizi hazikupumua. Zilinibana kifua, nikamwambia apunguze.

Akaniletea watunzi wenyewe, mmoja mmoja. Padri Mtaliano wa nywele nyekundu, aliyefundisha fidla wasichana yatima. Mjerumani wa kinanda cha kanisa, aliyezaa watoto ishirini akazika nusu yao. "Huyo namwelewa," nikasema. Halafu Mjerumani mwingine, aliyezaliwa mwaka mmoja na huyo, akahamia Uingereza, hakuoa, akapenda chakula.

Siku moja, yule wa watoto ishirini alipofika uzeeni, mjukuu akakatiza sentensi katikati. Nikasikia karatasi ikifunuliwa.

"Umeruka."

"Sijaruka, Susu."

"Mama, mimi ni nusu kipofu, si kiziwi. Rudi."

Akarudi. Macho ya mzee yalififia. Akaja daktari wa kutangatanga, aliyezunguka nchi kwa gari la farasi akijisifu. Akampasua macho, mara mbili. Mzee akapofuka, na baada ya miezi michache akafa. Miaka ikapita, daktari huyo huyo akampasua yule wa Uingereza. Naye akabaki gizani. "Alikuwa akifunga bendeji, anaondoka kabla haijafunguliwa," mjukuu akasoma, sauti imekuwa nyembamba.

Na mimi nilikuwa nimeandikishwa kupasuliwa kwenye kambi ya macho Mbumbuni, Jumatatu. Madaktari wanakuja na lori, siku mbili, wanaenda.

Ndengu zikanimwagikia. Nilimwona yule mzee mbele ya kinanda chake, vidole vinatafuta. Nikasema siendi.

"Basi sikia wa mwisho," mjukuu akasema kwa hasira. "Wa Ufaransa. Aliongoza wanamuziki kwa kugonga fimbo ndefu chini. Akajigonga kidole cha mguu, kikaoza. Wakamwambia mguu ukatwe. Akakataa, ati bado anataka kucheza dansi."

"Halafu?"

"Akafa. Wewe unataka kuwa yupi?"

"Wote wamekufa, Mama! Unaniambia nichague kaburi?"

Lakini huyo wa fimbo alinikaa rohoni. Jumatatu nilienda, mjukuu akinishika mkono.

Nilitetemeka hadi nesi akafikiri nina malaria. Daktari alikuwa kijana wa sauti ya upole, na upole huo ukaniogofya zaidi. Nikamuuliza, "Bendeji utafungua wewe?"

"Mimi au mwenzangu, nyanya."

"Mwenzako simjui."

Nilikuwa nimemsikia akivua viatu mlangoni na kuvaa buti za chumba cha upasuaji. Nikamwambia mjukuu avibebe vile viatu, kisha nikamgeukia daktari. "Havitoki kwake mpaka ufungue wewe mwenyewe."

Nesi akacheka. Mimi sikucheka. Daktari akasema, "Sawa, nyanya. Nimekamatwa."

Wakanidunga sindano kando ya jicho la kulia. Kisu nilikisikia kwa mbali, kama mtu anakwangua ukoko wa sufuria. Uchungu hakuna, hofu tu. Nikaishika ile sauti ya chini, punda wangu, nikaifuata hatua kwa hatua, nikijiambia ikisimama nimekwisha.

Kesho yake asubuhi nikaketishwa kwenye benchi. Nikasikia buti zikija. Vidole vikaanza kufungua bendeji. Mzunguko wa kwanza, giza. Wa pili, giza. Nikaanza kuiimba puani ile sauti ya chini mbele za watu, bila haya. Wa mwisho ukatoka: weupe, kama jivu limepulizwa. Kisha nikamwona mjukuu wangu, ana chunusi kwenye paji ambazo hakuwahi kuniambia, amekumbatia viatu vya kahawia vyenye matope.

"Nipe basi, nyanya," daktari akasema. "Lori linangoja."

Nikavichukua, nikampa kimoja, cha pili nikakibana kwapani. Jicho la kushoto lilikuwa bado halijapasuliwa, na hofu yote ilikuwa imehamia huko.