Gemu ya Mfuko wa Saruji

Mfuko wa saruji uliokung'utwa una harufu yake. Si saruji tu; ni vumbi, karatasi kavu, na kitu kama mvua iliyotishia ikakataa kunyesha. Juzi fundi anayenijengea baraza hapa Buhongwa alitaka kuwashia mfuko mmoja moto achemshe chai, nikamfokea mpaka akadondosha kiberiti. "Weka chini! Hiyo ni mali." Akanitazama kama mtu aliyeonewa. Wajukuu wangu wakacheka, maana wao wanajua. Kwa bibi yao mfuko wa saruji hauchomwi. Unapasuliwa, unatenganishwa karatasi moja moja, unaanikwa juani na kuwekewa mawe pembeni, halafu unakuwa mchezo.

Niseme mapema ili msinihesabie miaka: mtoto wangu wa kwanza nilimpata nikiwa binti mdogo, naye akaniiga, ndiyo maana nina wajukuu na meno yangu yote ninayo. Shule niliiacha kabla haijaniacha yenyewe. Lakini michezo naijua. Nimetengeneza ya kadibodi, ya vizibo vya soda, ya mbegu za ukwaju, na mjukuu akiniletea gemu ya kwenye simu nacheza naye, namfunga, halafu namuuliza: "Wewe ungeweka nini hapo mbele?" Hapo ndipo wengi wanakwama. Kucheza wanajua. Kuweka kitu hawajui. Mimi nilijifunza kuweka kitu pale Igoma, hapahapa Mwanza, kwenye chumba chetu cha kupanga, na aliyenifundisha ni mtu ambaye wakati ule alikuwa haongei na yeyote.

Mtu huyo ni baba.

Baba alikuwa fundi wa mashine za kufuma kwenye kiwanda cha nguo. Jioni alirudi na pamba kwenye nyusi, tunamwita mzee kabla hajazeeka, naye anatukimbiza. Halafu ikaja ile miaka ya tisini, vitu vikaanza kuingia kwa fujo: sabuni za kila rangi, redio za kaseti, na mitumba. Mitumba iliingia kama mafuriko. Watu wakaacha kununua nguo za kiwanda, kiwanda kikapunguza watu, na baba akapunguzwa. Neno hilo, kupunguzwa, mimi nilidhani wamemkata kitu mwilini. Siku aliyokuja na habari nilimkagua vidole kimoja kimoja. Vyote vilikuwepo.

Mama hakungoja. Aliungana na wenzake wakafungua belo la mitumba, akawa anatandika turubai sokoni. Zisizouzwa zilirudi nyumbani jioni na kulundikwa kwenye kona, zinanuka dawa ya nondo. Hebu fikirini: nguo zilezile zilizomtoa mtu kazini, sasa zinalala naye chumba kimoja.

Baba akageukia ukuta. Hakugombana, hakunywa pombe, hakumpiga mtu. Alilala tu amegeukia ukuta. Akiamshwa anakula, akishakula anarudi. Asubuhi tukimwamkia, "Shikamoo baba," marahaba ilitoka kwa mama. Mama alijaribu hata methali. "Baba Minza, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

Baba akaujibu ukuta: "Koleo lenyewe halikuwa langu. Lilikuwa la kiwanda."

Siku moja nikamsikia mama akimwambia jirani, "Kiwanda kimebaki na mume wangu, mimi wamenirudishia mwili." Nikaogopa sana. Tangu hapo kila nilipopita karibu na kitanda nilisimama kidogo, nikasikiliza kama baba anapumua.

Kipindi hichohicho ndipo gemu ilipofika Igoma. Mwenye duka mmoja alileta televisheni ndogo na mashine ya kuchezea, akaiweka chumba cha nyuma. Unatoa sarafu, unacheza mpaka ufe. Ndani ya kioo kulikuwa na kijitu chenye kichwa kikubwa, kinakimbia bila kuchoka, kinaruka mashimo na moto, na muziki unalia tilili, tilili, mpaka unakufuata nyumbani na kukaa nawe kwenye sahani ya ugali. Kijitu kilikuwa na roho tatu. Roho ya tatu ikikatika, unarudishwa mwanzo kabisa. Mimi sarafu sikuwa nayo. Nilitazamia dirishani, nimebanwa na viwiko vya watoto wa watu. Na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuvuka daraja la tatu. Baada ya daraja kuna nini? Tuligombana njia nzima. Mmoja anasema kuna simba, mwingine anasema kuna harusi.

Nikasema nitajitengenezea yangu. Nilichukua katoni la sabuni, nikalikata dirisha mbele. Nikagundisha karatasi za mifuko ya saruji kwa uji wa muhogo, zikawa ndefu kama barabara, nikachora kwa mkaa mashimo na moto na madaraja, maji nikayapaka bluu ya kufulia. Nikazungushia karatasi kwenye vijiti viwili. Mdogo wangu Kabula akawa anazungusha kijiti, karatasi inapita dirishani, na mimi nimeshika kijitu cha karatasi kwenye ncha ya njiti ya ufagio. Shimo likija, nakirusha juu. Kikigusa mstari, kimekufa.

Ilikuwa nzuri machoni. Ila kwenye kwenda, lo! Karatasi ilivutika upande, ikakunjamana, ikakwama.

"Umegusa!" Kabula akapiga kelele.

"Sijagusa! Wewe ndiye umevuta kama unavuta ng'ombe!"

"Umekufa, Minza. Lala chini."

"Silali!"

Akavuta, nikavuta, karatasi ikachanika raaa, kazi yangu ya wiki nzima. Nikafungua mdomo nilie, na kabla kilio hakijatoka ikatoka sauti upande wa kitandani.

"Nani amefunga roli hiyo ya karatasi?"

Tukaganda. Kabula, msaliti yule, akajibu upesi, "Ni Minza, baba."

Baba akakaa. Akashusha miguu. Akaja, akachuchumaa mbele ya katoni, akaligeuza huku na huku. "Umeifunga kama mzigo wa kuni," akasema. Sauti yake ilikuwa na kutu. "Karatasi ni kitambaa, mama. Ukiivuta upande mmoja inakwenda upande mmoja. Halafu ikichanika unailaumu yenyewe." Akapima kijiti kwa kidole. "Nenda kwa Mama Shija. Mwambie baba anaomba vigurudumu vya uzi vilivyokwisha."

Nilikimbia. Mama Shija alikuwa fundi cherehani, anashona chini ya kibanda cha mabati, ana mdomo mkali kuliko mkasi wake. Njiani nilikuwa narudiarudia, baba anaomba, baba anaomba, nisije nikasahau kwamba baba ameomba kitu.

"Baba yako?" akasema Mama Shija. "Yule wa ukutani? Anataka kuushona huo ukuta?" Lakini alinijazia viganja vyote viwili.

Mama aliporudi na mzigo wake kichwani alisimama mlangoni. Baba alikuwa sakafuni, ulimi umebanwa kwenye meno, anapinda waya wa baiskeli uwe mpini wa kuzungushia. Mama alirudi nyuma, akatua mzigo nje polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha kichanga.

Karatasi tukaiunga upya kwa uji, basi baba akawa mashine. Alizungusha mpini, karatasi ikapita imenyooka kama maji ya mfereji, na muziki akautoa mdomoni: si tilili, ulikuwa wa mashine za kufuma, chaka-taka-chaka-taka. Watoto wakahamia kwetu. Wakubwa wakacheka. Jirani mmoja alimwambia mama bombani, mbele za watu, "Mwenzetu, naona baba watoto amerudia utoto."

"Bora wangu amerudia," mama akasema. "Wako hata hajawahi kuuacha." Ndoo yake ikajazwa ya kwanza siku hiyo.

Karatasi yangu iliishia kwenye daraja la tatu. Nilimwambia baba sijui kuna nini mbele, hakuna aliyefika. Akanipa kipande cha mkaa. "Weka."

"Niweke nini?"

"Kama hakuna aliyefika, nani atakukatalia?"

Mimi nilikuwa nimezoea kwamba vitu vyote vizuri vinatoka mbali, vimeshaamuliwa na mtu nisiyemjua. Nilikaa na ule mkaa mpaka ukanichafua mdomo. Halafu nikaweka ziwa. Nikaweka kivuko, na mawe yetu ya Mwanza yaliyobebana, na kuku mkorofi wa Mama Shija, na baada ya kuku kiboko, mkubwa, mdomo wazi dirisha zima. Watoto walipiga yowe. Hakuna aliyempita kiboko yule.

Hapo ndipo tulipogombana, mimi na baba. Kabula aliuawa na kiboko, roho yake ya tatu. "Mrudishe mwanzo, baba," nikasema. Baba akashika mpini, asizungushe.

"Ameangukia wapi?"

"Kwa kiboko."

"Basi ainuke kwa kiboko."

"Hapana baba! Roho zimeisha. Anaanza upya. Ndiyo sheria."

"Sheria ya nani?"

"Ya gemu!"

"Mtu akiangukia Igoma, kwa nini akaanzie safari Shinyanga?" Baba alikuwa hacheki. Alikuwa anatazama ile karatasi kwa hasira, kama imemkosea yeye. "Njia yote aliyokwisha kuitembea unamnyang'anya kwa sababu ipi?"

"Itakuwa rahisi," nikasema, karibu kulia.

"Rahisi? Kwani kiboko ameondoka?"

Kabula akainukia palepale kwa kiboko, akafa tena, akainuka tena, na mimi nikanuna mpaka jioni, maana niliona mtu mzima anaharibu mchezo wa watu.

Siku chache baadaye Mama Shija alikuja mwenyewe, kuona vigurudumu vyake vinafanya nini. Alisimama nyuma ya watoto. Hakutazama kijitu wala kiboko. Alitazama mikono ya baba.

"Baba Minza," akasema, "cherehani yangu inakata uzi. Mafundi wawili wameshindwa."

"Mimi ni wa mashine za kufuma."

"Uzi ni uzi."

"Unashona nini siku hizi?"

Mama Shija, ambaye hakuwahi kukosa neno, akatazama kwanza lile rundo kwenye kona. "Mitumba," akasema. "Napunguza suruali za wazungu ziwatoshe watu."

Mama alikuwa anachambua mchele. Mkono wake ukasimama juu ya ungo. Nje kuku alikuwa analalamika peke yake. Kijitu changu kilikuwa hewani, kinasubiri, na mimi nilichoona ni kwamba karatasi haiendi. "Zungusha, baba," nikasema. Hakunisikia.

"Inakatia juu au chini?" akauliza.

"Juu."

"Umeikaza mno."

"Basi njoo uilegeze, mzee, mimi sijasomea."

Kesho yake asubuhi baba alioga. Akatoa mfuko wa zana chini ya kitanda, akaupiga vumbi. Nilimsubiri mlangoni na katoni langu mikononi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama."

"Mashine nani atazungusha?"

"Umeniona ninavyofanya. Taratibu, pande zote mbili sawa." Akanigusa kichwa na kwenda zake kuelekea sokoni, kwenye vibanda vya washonaji, hakugeuka hata mara moja.

Nililia, wacha niwaambie. Nililia kama nimefiwa. Nikaenda nyuma ya nyumba nimtafute mama anitetee, nikamkuta ameegemea ukuta, kitenge amekibana mdomoni, mabega yanatikisika. Nikajua naye analilia gemu. Nikamshika mkono. "Usilie, mama," nikamwambia. "Atarudi jioni."

Mama akatoa kitenge mdomoni. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. "Amesharudi, mwanangu," akasema.

Nilimwona mama amechanganyikiwa. Mtu anaondoka mbele ya macho yetu, yeye anasema amerudi! Ilinichukua miaka, na mume wangu mwenyewe kukosa kazi, kujua kwamba mwanaume anaweza kushinda ndani ya nyumba yako mchana kutwa umtafute usimpate. Na anaweza kutoka alfajiri na mfuko wa zana, asirudi mpaka giza, na wewe ukapika ukiimba.