Kwa Nini Bukuru Hakutaka Makopo

Mimi swali likinikaa rohoni silali nalo, na lile la Bukuru lilinikaa wiki nzima. Kwa nini mtu ahangaike kukata vipande vya mgomba vya kuangushwa mchezoni, wakati makopo matupu ya mafuta ya msaada yamezagaa kijijini kwetu Nyamiaga kote?

Bukuru alikuwa Mrundi. Alikimbia vita na mkewe Speciose, wakapewa kibanda na kishamba jirani na duka letu. Kwao Bujumbura alikuwa akifagia ukumbi wa wazungu wenye mchezo wa boling, akaona wanavyovingirisha tufe kuangusha vigingi. Mwaka ule wa tisini na tano bei za vyakula zilipanda mpaka sisi wenye duka tukawa tunajibana. Bukuru akachonga tufe la mparachichi, akasawazisha uwanja mbele ya mlango wake, akapanga vipande vya mgomba badala ya vigingi. Kila Jumapili familia nzima ya kijijini, bibi mpaka mjukuu, ilicheza kwa kumlipa bakuli moja la maharage. Asiye na maharage alileta kuni. Mgeni njoo, mwenyeji apone: watu waliokuwa hawana pa kwenda ila msibani wakapata pa kuchekea.

Ila mgomba ukianguka unasema "pu," basi. Watu wanapenda kishindo. Idefonsi, muuza pombe wa barabarani, alilijua hilo, akapanga makopo nje ya kilabu chake. Jumapili iliyofuata kwa Bukuru tulibaki mimi na binti yangu Asmaa.

Nikamfuata kwenye migomba yake.

"Jirani, kopo ni bure. Kwa nini hulitaki?"

Aliweka panga chini. "Ego, ndiyo, Mama Asmaa, ni bure. Lakini mke wangu akisikia bati linagongwa anaingia chini ya kitanda. Usiku ule wauaji walipotujia, walianza kwa kupiga mlango wetu wa bati. Mchezo huu sikuuweka kwa ajili ya maharage. Niliuweka pale mlangoni ili akae nje na watu. Watu wasipokuja atarudi ndani, na safari hii sijui kama nitaweza kumtoa."

Nilimwonea huruma mpaka nikakasirika, maana mimi huruma yangu haiji peke yake. Nikapita nyumba kwa nyumba kuwaambia wanawake wenzangu wawalete watu wao kwa Bukuru. Waliniuliza sababu. Kuuliza si ujinga, nikawaeleza.

Jumapili wakaja tele, tena kwa adabu iliyopita kiasi. Watoto walinong'ona, watu wazima walitembea kwa kunyata, mtu akishinda anatabasamu tu. Uwanja ukawa kama matanga. Speciose, aliyekuwa amekaa mlangoni, aliwatazama mmoja mmoja.

"Mbona leo mko hivi?" akauliza.

Akanitazama mimi, nikainamisha kichwa, naye akaelewa. Akainuka, akaingia ndani. Nilijilaumu pale pale, nikaona tumeharibu kila kitu kwa wema wetu.

Akatoka na kopo ambalo alikuwa akiwekea chumvi. Akaimimina chumvi kwenye ungo, akalisimamisha kopo katikati ya vipande vya mgomba, kisha akamnyooshea mumewe mkono ampe tufe.

"Acha, Speciose," Bukuru akamsihi.

"Likilia kwa mkono wangu, nitakuwa namjua aliyelipiga."

Mara ya kwanza tufe lilipita pembeni. Mara ya pili likalipata. Kopo likalia, likabiringika mpaka mtaroni. Speciose alifumba macho, mikono masikioni. Asmaa alinishika nguo. Sote tulikuwa tunaungojea mlango ufungwe.

Kisha Speciose akashusha mikono, akafumbua macho, akalitafuta kopo lilikoangukia.

"Lisimamishe tena," akamwambia mumewe.