Kofia Kwenye Msumari

Wifi yangu anafua kila kitu. Anafua mapazia ambayo hayajapata hata vumbi, anafua mikoba, anafua mpaka kamba ya kuanikia nguo. Ni dobi, ana kibanda chake nyuma ya nyumba kimejaa mabeseni, lakini hata angekuwa karani angefua tu. Siku anaolewa na kaka yangu, mimi nimekwenda na maneno yangu ya kiwifi tayari mdomoni, akanitazama juu mpaka chini akasema, "Wifi, hapo begani una doa. Vua nikutolee." Mbele za watu! Nilinuna wiki nzima. Baadaye nikasema yaishe, maana doa lenyewe lilitoka kweli.

Kaka ni mlisha simba kwenye bustani ya wanyama. Tangu waoane, sikukuu zetu zote tunamalizia huko, kwa sababu familia za wafanyakazi haziulizwi tiketi. Nimewatazama wale nyani mpaka nadhani na wao wamenichoka. Mbuni mmoja aliwahi kuninyakua hereni akaimeza, na kaka akacheka badala ya kunitetea. Simba wao ni mmoja tu, dume, mkubwa hasa. Wafanyakazi wamembandika jina la Mkwe, kwa kuwa mbele yake hakuna anayeleta mzaha.

Sasa hapa nisikilize vizuri. Mkwe ana chumba cha kulala, na ana uwanja wa wazi ambako watu humtazama. Katikati kuna mlango mzito wa chuma unaopanda juu polepole ukivuta mnyororo, na mnyororo wenyewe uko kwenye ujia wa nyuma. Ukiwa kwenye ujia huoni uwanjani. Kwa hiyo wana utaratibu wao: anayeingia uwanjani kusafisha anatundika kofia yake kwenye msumari uliopo juu ya mnyororo. Kofia ikiwepo, mtu yumo ndani, usiguse. Isipokuwepo, vuta. Hakuna kengele wala taa, ni kofia tu.

Mimi nilijua kwa sababu kaka alinieleza. Wifi hakujua. Yeye aliambiwa kwamba uwanja unaoshwa kwa mpira wa maji, watu wakiwa nje, na kwamba mumewe hakanyagi mle. Kaka alimdanganya wakati wa uchumba ili apate mke, kisha akaendelea kumdanganya ili mke apate usingizi. Na kwa vile kazi hiyo huifanya asubuhi kabla geti halijafunguliwa, Wifi hakuwahi kumwona. "Ukimwambia tu, dada, umeniua," alinionya.

Sikukuu ile tulikwenda tumependeza, watoto wana soksi nyeupe, kwa sababu tulipanga kupiga picha ya familia. Wifi alikuwa na viatu vya kisigino na mkoba mpya, na ndani ya mkoba, namjua mimi, kipande cha sabuni. Aliniachia watoto kwenye uzio wa Mkwe, akazunguka nyuma kumpelekea mumewe chakula.

Bahati mbaya, mjinga mmoja alikuwa amerusha chupa kwenye birika la maji la Mkwe. Mkwe alikuwa amerudishwa chumbani, na nikamwona kaka yuko uwanjani, kichwa wazi, ameinama nyuma ya jiwe anaokota vipande vya chupa. Nikawageuza watoto upesi. "Mtazameni mbuni mwizi wa hereni yangu," nikawaambia, wasije wakamsemea baba yao. Watu uzioni walikuwa wameanza kulalamika. Walitaka simba, hawakuja kutazama mtu na ufagio.

Wifi akarudi anakamua kitu mikononi.

"Hebu ona uchafu huu," akasema. "Chakula nimekiacha pale nyuma, yeye hayupo. Ndiyo nikakuta hii. Atapigaje picha na kofia inayonuka hivi? Nimeipitisha bombani mara moja tu, wifi, maji yametoka meusi!"

Niliitambua kofia.

"Umeitoa wapi?"

"Pale kwenye msumari. Mbona umebadilika?"

Kabla sijamjibu, mnyororo ukalia. Mlio ule naujua, wa chuma kwenye chuma. Mlango ukapanda kiasi cha kiganja. Umati ukashangilia.

"Kaka yumo ndani!" Nilimshika Wifi mabega nikamgeuzia uwanjani. "Hiyo kofia ndiyo alama! Isipokuwepo wanamfungulia simba! Irudishe!"

Alimwona mumewe. Sijui alielewa nini na nini, najua alivua viatu palepale, mkoba ukaanguka, akakimbia. Wifi yangu hakimbii, hata mvua ikimkuta na nguo za watu kwenye kamba hutembea. Siku ile alipasua umati na gauni lake la sikukuu.

Mimi nikabaki napiga kelele, "Kaka! Mlango! Mlango!" Watu wakadhani nashangilia kama wao. Kaka akainua kichwa. Mlango wa kutokea ulikuwa ubavuni mwa ule wa Mkwe, hakuwa na pa kukimbilia. Alisimama, akaweka ufagio mbele yake, akaanza kurudi nyuma polepole mpaka mgongo ukagusa ukuta. Mguu wa Mkwe ukatoka chini ya chuma. Ukafuata mdomo. Nikawabana watoto nyuso kwenye sketi yangu. Niliogopa siku ile kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Aliyekuwa kwenye mnyororo ni mwenzake kaka, mtu mpole tunayemwita Kimya. Alikuwa ametumwa amtoe simba, akatazama msumari, hakuona kitu, akavuta. Alifuata utaratibu. Ndiye aliyenisimulia baadaye kwamba Wifi aliingia ujiani hana pumzi, mdomo wazi, sauti haitoki. Aliinyanyua ile kofia, maji yanachuruzika, akaitundika kwenye msumari.

Kimya akaachia mnyororo. Mlango ukashuka kwa kishindo na Mkwe akarudisha pua yake ndani, ananguruma.

Nilipofika na watoto, kaka alikuwa ameshatoka, amekaa chini. Wifi amesimama mbele yake, miguu mitupu.

"Kwa hiyo huwa unaingia," akasema.

"Naingia."

"Kila siku?"

"Kila siku, mama watoto."

Akampiga begani, akampiga tena, kisha akamwangukia akalia kwa sauti mpaka watoto nao wakaanza. Picha tulipiga. Yeye hana viatu, kaka ana kofia mbichi, na mimi macho yamenivimba.

Kaka hajaacha kazi, hana nyingine anayoijua. Kofia ile haijaguswa na maji tena, inanuka ukiwa mbali, na ole wako umguse Wifi kwa maneno kuhusu hilo. Sikukuu tunakwenda kama zamani, ila yeye hakai nasi uzioni. Anapita moja kwa moja ujiani, anasimama chini ya msumari na mkoba wake.

"Wifi, njoo basi tule," nilimwita sikukuu iliyopita. "Leo hakuna anayeingia, wamefagia asubuhi. Hiyo kofia kaka kaisahau tu."

"Nitakuja akija kuichukua," akanijibu, macho yakiwa kwenye kofia.