Sukari ya Tomasi

Harufu ya magome ya miti ya miwati yaliyochunwa asubuhi naijua hadi leo. Ni harufu chungu yenye utamu ndani yake, kama chai iliyosahaulika kwenye sufuria, na iliingia kwenye nguo, kwenye nywele, hata kwenye ugali. Shamba letu, nasema letu kwa mazoea tu maana lilikuwa la mzungu, lilikuwa upande wa Turbo, mwendo wa siku nzima kwa gari la ng'ombe kutoka mjini Eldoret, ambako sisi wa kambi ya vibarua tulikuita Sisibo. Wanaume waliangusha miti, wanawake wakachuna magome kwa panga, na lori likaja kuyabeba kuyapeleka kiwandani, yakatolewe dawa ya kutengenezea ngozi. Mikono ya mama ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko, weusi ambao hakuna sabuni iliyouweza. Mimi nilikuwa msichana wa miaka tisa hivi, shule nimeiachia darasa la pili, na kazi yangu ilikuwa kufunga magome mafungu. Mikono ndiyo iliyokuwa na kazi. Masikio yalikuwa bure, basi yakasikiliza.

Na habari ya kusikiliza msimu ule ilikuwa moja tu: Tomasi. Karani wa shamba, Filimona, ambaye alivaa tai hata siku ya kuogesha ng'ombe, alikuwa na redio ya betri. Kila Jumamosi jioni, posho ikishagawanywa, aliiweka kwenye dirisha la stoo na kambi nzima ikakaa kwenye nyasi kusikiliza mchezo wa Kiswahili kutoka Nairobi. Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Elijah, kijana wa dukani, amefungwa kwa kuiba kitambaa cha tajiri wake. Mkewe, Rebeka, amebaki peke yake na watoto. Tomasi, rafiki wa Elijah, huja kila juma kumjulia hali Rebeka, na kila akija huleta sukari. Basi, ni hayo tu. Muda mfupi, kisha Filimona anazima redio hata kabla ya muziki wa mwisho kunyamaza, ili betri isiishe, na sisi tunabaki na juma zima la kujiuliza.

Tulijiuliza kwelikweli. Jumatatu asubuhi panga hazijashika moto, Mama Respa ameshaanza. Huyu alikuwa jirani yetu, Mbukusu mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto. "Huyo Tomasi, sukari anaitoa wapi?" alikuwa akiuliza, na mama yangu akimjibu bila kuinua macho, "Ana kazi yake. Kwani mtu akiwa na huruma lazima awe mwizi?"

"Huruma ya kila Jumamosi? Mimi bwanangu mwenyewe hajawahi kunihurumia hivyo, na tumezaa watoto saba!"

Miwati yote ilicheka. Lakini baada ya kicheko walirudi palepale. Mmoja alisema Tomasi anamtaka Rebeka. Mwingine alisema hapana, kitambaa alikiiba Tomasi mwenyewe, Elijah alibebeshwa tu. Mimi nilitaka kujua mambo yangu: je, Rebeka anaitia sukari ile kwenye chai, au anaificha juu ya dari? Watoto wake wanamwita Tomasi nani? Mama alimtetea Tomasi kama ndugu wa tumbo moja. Alisema watu wa kambi hii wameharibika, hawawezi kuona wema bila kuutafutia uvundo. Nami nilikuwa upande wa mama, kwa sababu sauti ya Tomasi redioni ilikuwa nzuri, nzito na taratibu.

Sasa niseme kile ambacho kila mtu pale miwatini alikijua. Baba yangu, Ainea, alikuwa jela Sisibo wakati huo. Gunia la ngano ya mzungu lilikutwa nyuma ya nyumba yetu, chini ya rundo la kuni. Aliyelikuta alikuwa nyapara wetu, Zakayo. Ninamtaja kwa jina, na kama ana wajukuu wanaosoma haya, wasome. Zakayo ndiye aliyekuwa akituletea sukari, imefungwa kwenye karatasi ya gazeti, na kunipa mimi ya kulamba kwanza. Alimwambia mama kwamba anamwombea kwa yule mzungu ili tusifukuzwe. Alimwambia pia kwamba Ainea akikawia, mwanamke hafai kukaa peke yake, na nyumba yake yeye Zakayo ina nafasi. Mama alikuwa ameanza kulifikiria neno hilo. Nilimwona akizikunja nguo za baba na kuziweka mbali.

Wanawake wale walijua jambo ambalo mama hakulijua, na hawakuthubutu kulisema. Nyapara angeweza kukutoa shambani kabla ugali wako haujaiva. Tomasi hakuwa na uwezo wa kumfukuza mtu yeyote, kwa hivyo walimtukana Tomasi. Sijui aliyetunga mchezo ule alitujulia wapi. Labda kila shamba la wazungu lilikuwa na Zakayo wake.

Jumamosi moja Zakayo alikuja kusikiliza nasi. Filimona alimpa kiti chake, akakaa mguu juu ya mguu. Redioni Tomasi alikuwa akimfariji Rebeka, sauti yake nzito na taratibu kama kawaida. Akasema, "Hata mimi nilishangaa, shemeji, kusikia kitambaa kimekutwa ndani ya mtungi." Filimona akazima.

Mama Respa aliruka kama aliyeumwa na siafu. "Mtungi! Nani alimwambia mtungi? Askari walisema nyumbani, hawakusema mtungi!" Kambi ikalipuka. Mimi pia nilipiga kelele, alijuaje, alijuaje, kwa furaha ya mtu aliyempata mbuzi aliyepotea. Kisha nikamgeukia mama. Alikuwa anaitazama mikono yake myeusi. Alipofungua mdomo, kelele zilikuwa zimepungua, na kila mtu alimsikia.

"Alienda moja kwa moja," alisema. "Hakuingia ndani, hakuinua kitanda. Alijuaje kama liko kwenye kuni?"

"Mama, ni mtungi," nikamsahihisha. "Si kuni."

Hakuna aliyecheka. Watu waliangalia nyasi. Zakayo alisimama, akajipangusa suruali, akatabasamu. "Haya ni mambo ya redio tu, Mama Yunia."

"Ndiyo, Nyapara," mama akasema. "Na ile sukari usilete tena."

Jumatatu tulitolewa. Mahindi yetu yalikuwa bado machanga, na kabla hatujafika barabarani niliona ng'ombe wa Zakayo wameingizwa ndani yake. Mzungu hakushuka hata kwenye farasi kuuliza kuna nini. Filimona, aliyejua kila gunia lililoingia na kutoka stoo ile, alisimama mlangoni akinyoosha tai. Watu wa kanisa walitupokea Sugoi. Baba alitoka jela na kifua kibovu, akatufuata huko, na mwaka haukuisha tukamzika. Mama alichuna magome ya watu wengine mpaka mgongo ukakataa.

Mtu angedhani baada ya hayo nisingetaka kusikia jina la Tomasi. Nilitaka. Kwa miaka mingi kila niliyemkuta ambaye siku zile alikuwa na redio nilimuuliza mchezo uliishaje. Mwenye duka mmoja wa Chepsaita aliniambia Tomasi alimwoa Rebeka. Mwalimu mmoja wa Moi's Bridge aliapa kwamba Elijah alirudi, wakapigana. Halafu nikamkuta Mama Respa sokoni Eldoret, amezeeka, anauza maharagwe, sauti imebaki ya kunong'ona. Nikamuuliza kuhusu Tomasi kabla hata ya kumjulia hali.

"Hatukujua mwisho wake," alisema. "Zakayo alimkataza karani kuweka redio dirishani. Lakini sisi tulimfunga. Pale miwatini tulikubaliana wote, Tomasi alifungwa."

"Na Zakayo?"

Akapanga maharagwe yake. "Alikufa mzee, kwake, na ng'ombe wake."

"Mama Respa, wewe ulimwona na lile gunia?"

"Nilimwona alfajiri, limemkalia begani. Mama yako tulimwambia, Yunia. Kila siku tulimwambia, kwa njia tuliyokuwa nayo."

Sikununua maharagwe. Ninaelewa alikuwa na watoto saba na mahali pamoja tu pa kuwalaza, lakini kuelewa hakujanitoa uchungu. Neno moja lililonyooka, wakati baba bado yuko rumande, na labda ningekuwa na hadithi nyingine ya kuandika.

Siku hizi ninaishi Langas, mtaa wa Eldoret, nina televisheni, na jioni wasichana wa ploti yetu ya nyumba za kupanga hujaa sebuleni kwangu kutazama mchezo wa kizungu uliojaa wake za matajiri. Hakuna nyapara wa kuwasikiliza, wala betri ya kuonea huruma, wanasema wanavyotaka. Wanabishana vilevile: yule anamtaka nani, huyu atakufa au atapona. Juzi Nekesa, binti wa jirani aliyeolewa mwaka jana, alimkasirikia mwanamke mmoja wa kwenye kioo kupita kiasi. "Si aondoke!" alisema. "Anangoja nini? Anangoja mumewe amvunje na mkono wa pili?" Wenzake wakacheka. Kwenye mchezo ule hakuna aliyevunjwa mkono.

Mchezo ulipoisha nilimwomba anisaidie kuosha vikombe. Jikoni nilimuuliza, "Nekesa, ulikuwa unamsema nani?"

"Ni mambo ya televisheni tu, Mama."

Nilifunga mlango, nikazima moto chini ya chai, nikavuta viti viwili. Nikamwambia sina haraka.