Lango kwenye Gemu ya Marehemu

Nilikaa katika boma lile miezi minne bila kuvuka lango, na mtu asinidanganye kwamba mjane huzoea. Sikuzoea hata siku moja. Kwa akina mume wangu, upande wa Malava, mjane hatoki mpaka anyolewe nywele kufunga msiba, na mashemeji zangu walikuwa wameahirisha siku ya kunyoa mara tatu. Walikuja, wakanywa chai yangu, wakauliza kama nimeshaamua nani kati yao atanitunza. Nikijibu kwamba mimi ni mwalimu na ninajitunza, siku inasogezwa tena. Shuleni nako walishanitumia ujumbe: nisipofika Jumatatu, darasa langu linapewa mwingine.

Kilichonipa pumzi ni kompyuta ya marehemu. Ya zamani mno, kibodi nene tu unayoichomeka kwenye TV, na programu unaipakia kwa kaseti. Alikuwa na programu moja ya kujitengenezea gemu: unachora kuta, unaweka milango, unamtia mtu ndani. Nilizoea kumcheka, baba mzima na michezo ya watoto. Sasa nikaipakia kaseti yake, na nikaona nini? Boma letu. Jiko, zizi, migomba, na mwanamke aliyechorwa kwa vidoti, mwenye kitambaa kichwani. Nikampeleka langoni. Akajigonga, akarudi. Nilijaribu mara kumi, kisha nikalia, nikamgombeza marehemu kwa kufa kabla hajamaliza.

Mama mkwe alikuwa nyuma yangu akichambua maharagwe. Akauliza mbona huyo mwanamke hatoki. Nikamwambia sijui, lakini atatoka, wallahi sitamwacha humo.

Siku mbili nilisoma kijitabu cha maelezo. Kumbe lango alikuwa amelichora vizuri, ila hakuiambia programu kwamba ni mlango, kwa hiyo ililihesabu kuwa ukuta. Nikabadilisha mraba mmoja pale langoni. Mwanamke akapita, akaingia kwenye weusi mtupu, maana huko nje hakuna aliyechora kitu.

Mama mkwe akaweka ungo chini. Yeye alirithiwa na shemeji yake akiwa mdogo kuliko mimi, na hajawahi kulizungumzia.

"Nichore na mimi," akasema. "Nipite hapo mara moja tu."

Nikamchora, nikamwonyesha kitufe cha kubonyeza. Alijitembeza polepole mpaka nje, akautazama ule weusi kwa muda mrefu. Kisha akainuka, akaingia chumbani kwake, akarudi na wembe na bakuli la maji. Nikamkumbusha kwamba wanaume hawajapanga siku.

"Watakuta nimemaliza," akasema, akanivua kitambaa.

Jumatatu asubuhi nilitoka, kichwa kikisikia baridi. Nikamwomba anisindikize hadi barabarani. Alifika langoni, akashika nguzo, akasema nitangulie tu, ng'ombe bado hajakamuliwa.