Gumamela ya Marehemu

Wizi ulifanyika watu wakisali. Consorcia alikuwa sebuleni na waombolezaji, katika zile siku tisa za kumwombea mama yake, na Iluminada, jirani na shoga yake tangu utotoni, alikuwa uani na kisu. Aliikata gumamela ya marehemu, yaani haibiskasi yake ya kwenye kopo, hadi kisiki, akaondoka na matawi chini ya shali. Si kwamba angenyimwa akiomba. Pale Batangas, Ufilipino, wanaamini mche wa kuibwa hushika kuliko wa kupewa.

Gumamela nyekundu ziko kwenye kila ua. Ya marehemu ilikuwa na majani ya mabaka meupe na ya waridi, mche wa kudekezwa. Upepo ukichachamaa, kopo lake huingizwa barazani. Kila Mei ndiyo iliyowekwa miguuni pa Bikira Maria kanisani. Basi kisiki kikaoza, na Mei ile kopo lililosimama kanisani, lenye majani yale yale ya mabaka, lilikuwa la Iluminada. Jamani, na sifa alizipokea, macho makavu!

Watu walimshauri Consorcia aombe kijitawi tu, aanze upya. Aombe kitu cha mama yake? Thubutu.

Mvua zilipoanza, Iluminada akaja mwenyewe kuuliza. Mche umetoa tawi la kijani kitupu, nene, linakwenda mbio. Alikate au aliache?

Consorcia alijua. Mama yake alikuwa akiyang'oa matawi ya namna hiyo yangali machanga, maana yana nguvu kuliko mengine na humeza mche mzima. Moyo ulimdunda kwa raha.

"Usiliguse, shoga," alisema. "Hiyo ndiyo afya yake. Tia samadi."

"Hunifichi kitu?"

"Nikufiche nini? Si mche wako?"

Iluminada akatia samadi kwelikweli. Kila asubuhi Consorcia alichungulia uani kwa jirani yake, kikombe cha kahawa mkononi, akiona mabaka yanavyokwisha, akitabasamu peke yake. Mei iliyofuata, wanawake wa kanisa wakauliza kwa nini wameletewa gumamela ya uani. Iluminada akarudi na kopo, kichwa ameinamisha, akalitua mlangoni pa Consorcia.

"Chukua. Tangu niibe sijapata raha. Ni ya mama yako."

Consorcia akachutama, akapekua tawi kwa tawi, jani kwa jani, akitafuta hata baka moja la kukata na kupanda upya. Kijani kitupu. Alilia mpaka kamasi zikamtoka, akimwita mama yake. Lakini ukimuuliza kama anajuta, atakwambia hajuti, na Iluminada akija kuuliza tena leo, atamjibu vilevile.